Viazi vitamu: matuta yanapasuka, nivune vyote?

Bustani_Mukono
Wandugu, hamjambo. Nina matuta ya viazi vitamu aina ya Kabode, vina miezi mitano. Mvua zimekatika na udongo umeanza kupasuka. Je, niendelee kuchokonoa vya kula siku kwa siku, au nivune vyote kwa mpigo? Na nikivivuna vyote, nitavitunzaje?

Mkulima_Masindi
Ssebo (bwana), vuna vyote wiki hii. Fukusi, mdudu anayetoboa viazi, hawezi kuchimba udongo. Hukifikia kiazi kwa kupita kwenye nyufa. Kuchokonoa kunafaa udongo ukiwa na unyevu, mradi kila shimo ulifukie tena. Matuta yakishapasuka, unamfugia fukusi.

Kata marando siku 4 au 5 kabla ya kuvuna, ngozi ikomae isichubuke. Jembe lianzie pembeni mwa tuta, kisha umalizie kwa kijiti au mkono, maana kiazi kilichokatwa huoza upesi. Usivioshe, kung'uta udongo tu. Chenye vitundu vyeusi kipasue: ukikuta mifereji ya kahawia na harufu kali, usikipike. Uchungu wake kiazi chenyewe huutengeneza kujikinga, na moto hauuondoi. Ng'ombe pia asipewe. Vizike mbali na shamba.

Mbegu ya msimu ujao iwe ncha za marando, kama sentimita 30. Fukusi hutaga kwenye shina karibu na ardhi, kwa hiyo kipande cha chini kinamhamishia shamba jipya.

ToToo_Soroti
Vizima visivyo na jeraha vitakaa wiki chache kivulini penye hewa. Vilivyochubuka tengeneza amukeke, yaani vipande vya viazi vilivyokaushwa, mara moja. Menya, kata vipande vya milimita 3 hadi 5, vyote unene mmoja. Kipande kinene hukauka nje huku katikati kibichi, na hapo ndipo ukungu unapoanzia. Anika juu ya uchaga, si chini kwenye vumbi na kuku. Jioni ingiza ndani hata kama mbingu ni nyeupe. Kikivunjika kwa mlio, kimekauka. Kikipinda, kirudishe juani. Kilo 4 mbichi hutoa takriban kilo moja.

Bustani_Mukono
Asante sana, mama. Vipande vikigeuka vyeusi kabla ya kukauka?

ToToo_Soroti
Hewa ndiyo inayovigeuza. Kata huku ukitumbukiza kwenye maji safi, chuja, anika papo hapo. Na kwa kuwa Kabode ni ya rangi ya chungwa, usiviache juani vikishakauka: rangi ikipauka, vitamini A imepotea. Tunza kwenye chombo chenye kifuniko, gizani.

Jiko_Masaka
Kwa vibichi: visubirishe siku 3 au 4 kivulini, wanga kidogo hugeuka sukari. Panga uti wa majani ya migomba chini ya sufuria, mimina maji yasiyofikia viazi, funga viazi kwenye majani, pika kwa mvuke saa moja au zaidi. Ukivitosa kwenye maji mengi vitalegea na utamu utabaki kwenye maji.

Sosi: gramu 250 za karanga zilizosagwa, koroga kwanza na maji baridi kidogo zisifanye madonge, ongeza vikombe 3 vya maji, kitunguu, nyanya, chumvi. Moto mdogo dakika 40 bila kifuniko, ukikoroga hadi chini, kwa sababu karanga huumuka na kumwagika, na zikishika chini sosi yote hunuka moshi. Mafuta yakielea juu, imeiva. Amukeke nayo ichemshwe hadi ilainike, halafu uiponde pamoja na sosi hiyohiyo.