Siku ya utamaduni chuoni inaishia kwenye ngoma na pilau. Tufanyeje?

Binti_Barani
Hamjambo wandugu. Niko mwaka wa 2 katika chuo kimoja hapa Malindi, na safari hii nimetwishwa kazi ya kuandaa siku ya utamaduni. Nasema nimetwishwa kwa sababu yaliyotokea mwaka jana nayajua.

Wagiriama walivaa hando wakacheza mwanzele, Wakikuyu wakaimba, Waswahili wakapika pilau, wageni wakapigwa picha. Saa 10 jioni viti vikakusanywa. Kesho yake kantini kila mtu amerudi mezani kwake: watu wa bara huku, wa Pwani kule, Waorma na Wasomali pembeni. Tulikuwa na mwenzetu Msanye, yaani wa kabila la Wasanye, wa huku Magarini. Kamati ikamuuliza atacheza ngoma gani. Akasema yeye kalelewa mjini, ngoma hajui. Basi akapewa ngao, asimame na Wagiriama. Akaishika mpaka mwisho. Tangu siku hiyo hajakanyaga mkutano wetu hata mmoja. Mimi nilikuwa kwenye ile kamati na sikufungua mdomo.

Nataka watu watoke wamejua kitu kuhusu wenzao. Nina siku moja, pesa ya turubai na ya spika. Nishaurini.

Kaka_wa_Maweni
Pilau isiguswe tafadhali. Mengine amueni nyinyi.

Mwalimu_Mstaafu
Binti yangu, hiyo spika ndiyo inayowaponza. Ukishakodi spika lazima utafute mtu wa kucheza mbele yake.

Nikupe niliyoyafanya mwenyewe darasani. Nilimwita kila mwanafunzi aandike ubaoni neno "maji" kwa lugha ya kwao. Mgiriama akaandika madzi. Mkisii, amache. Mkikuyu akaandika maĩ, akaja kijana wa Lamu akaandika mai, wakatazamana kama ndugu waliopotezana. Halafu Mluo akaandika pi na Msomali biyo, darasa likaguna. Sasa hapo ndipo somo lilipoanza: kwa nini hawa wanakaribiana na hawa wako mbali? Tukaingia kwenye Wabantu, Waniloti na Wakushi, nani alitokea upande gani, na Kiswahili chenyewe kimesimama wapi. Kengele ililia hakuna aliyeinuka. Gharama yake ni chaki.

Jambo la pili, tafuteni hadithi zinazovuka mipaka ya kabila. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama aliyeongoza watu wake kuwapinga Waingereza, kila mtu Malindi anamjua kwa sanamu. Lakini Waingereza walipomkamata mwaka 1913 walimpeleka wapi? Kisii. Mwaka uliofuata akatoroka, akarudi Pwani kwa miguu. Mkisii na Mgiriama wana la kuzungumza hapo bila kuvaa chochote.

Amache_Kisimani
Mwalimu, mimi ni Mkisii, Malindi huu ni mwaka wangu wa 6, na hilo la Mekatilili ndio nalisikia leo. Sanamu naipita kila siku!

Dada, kuna kitu hujakitaja na ndicho kinachouma. Mwaka wangu wa kwanza nilisimama darasani nikasema "kitabu yangu". Wakacheka wote, mhadhiri naye akacheka. Muhula ule mzima sikuuliza swali tena. Nyinyi wa Pwani hamjui mnavyotuumiza kwa Kiswahili chenu. Sisi nasi tuna letu, maana hosteli ilikuwa ikisema Wapwani ni wavivu, na mimi nikisema pia.

Kilichonibadilisha ni chumba. Nilipangiwa na Mbajuni wa Faza. Ramadhani ilipofika akawa anaamka kula daku, kisha hachezi, anasoma mpaka alfajiri, mimi nakoroma. Siku ya tatu nikaona haya nikaamka naye. Tukawa tunapika futari pamoja: yeye ananifunza kukuna nazi, mimi namfunza ugali usio na madonge (hajaweza mpaka leo). Uvivu wa Wapwani sikuutaja tena. Kwa hiyo uliza ofisi ya hosteli wanagawa vyumba vipi. Na wahadhiri wachague wao makundi ya kazi. Tukiachiwa tunakimbilia wa kwetu.

Sheria_Kwanza
Mimi napinga. Chuo ni cha kusomea. Ukianza kuwapanga watu kwa makabila ndipo unapouamsha ukabila.

Amache_Kisimani
@Sheria_Kwanza kantini nani aliwapanga?

Sheria_Kwanza
Walijipanga, sawa, hapo umenishika. Lakini ile ngao siimezi. Kifungu cha 44 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu haki ya kushiriki utamaduni anaoutaka mwenyewe, na kinakataza kumlazimisha mwenziwe. Kamati ilikosea kwa desturi na kwa sheria.

Mwana_wa_Amu
Nimecheka hiyo mai na maĩ. Yangu ni fupi: wapelekeni Gede, ni karibu. Ni magofu ya mji wa kale wa Waswahili katikati ya msitu, vimechimbuliwa humo vyombo vya kauri vya China. Mtu akiviona kwa macho yake, kumweleza kwamba Pwani ilichanganyika zamani hakuna kazi. Ila msimwachie kila kitu mtembezaji. Kila mwanafunzi apewe kipande kimoja cha kuwaeleza wenzake.

Na huyo Msanye, mumeshamwomba radhi?

Binti_Barani
Ahsanteni sana. Spika naifuta, pesa yake iende kwa basi la Gede. Asubuhi ubao wa "maji", nao utakaa kantini wiki nzima ili watu waongeze maneno. La makundi ya kazi nimelipeleka kwa mhadhiri mmoja, amekubali kulijaribu kwenye somo lake tu. La vyumba ofisi imesema mpaka muhula ujao. Kaka wa Maweni, pilau ipo, lakini utamenya vitunguu na watu usiowajua.

@Mwana_wa_Amu swali lako limenikosesha usingizi. Hatukumwomba. Jana usiku nimemwandikia, kwa niaba yangu mimi, si ya kamati, na sikumtaja hata shughuli ya mwaka huu. Tiki za buluu nimeziona. Bado hajajibu.