Manowari Leopard: mizinga 50 ilitafuta nini Unguja mwaka 1799?

Mkazi wa Katonga, Kigoma

Ndugu zangu, salaam. Nimesoma kwamba mwezi Februari 1799 manowari ya Kiingereza iitwayo Leopard, ikiwa na kamanda wa msafara, Blankett, ilikuwa imetia nanga Unguja katika safari yake ya kwenda Bahari ya Shamu. Ikiwa meli ilikuwa na mizinga 50, kwa nini isibaki Ulaya kupambana na Wafaransa? Na ilitumikia wapi baada ya hapo? Sisi huku kipimo chetu ni Liemba, meli ya Ziwa Tanganyika, ambayo Wajerumani waliifunga mizinga wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na sina kingine cha kulinganishia.

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Ndugu yangu, mizinga 50 haikuwa mingi, na hapo ndipo penye jibu. Waingereza walizipanga manowari zao katika madaraja sita, nayo Leopard, iliyoanza kuundwa Portsmouth mwaka 1776 na kushushwa majini Sheerness mwaka 1790 tu, ilikuwa ya daraja la nne. Vita vikubwa vilipiganwa meli zikiwa zimejipanga mstari mmoja, zikipigana mizinga ubavu kwa ubavu, na kufikia wakati huo meli ya kawaida katika mstari ilikuwa na mizinga 74. Kuiingiza Leopard humo kungekuwa ni kuwatoa mabaharia wake kafara. Mbali na Ulaya, hata hivyo, ilifaa sana: ilikuwa na nafasi ya kamanda na wasaidizi wake, gharama yake ilikuwa nafuu, na adui iliyemtazamia huko hakuwa mkubwa kuliko frigeti, yaani manowari ndogo yenye kasi. Ndiyo maana Napoleon alipoelekea Misri mwaka 1798, na Waingereza wakahofia njia ya India, ikatumwa kuulinda mlango wa Bahari ya Shamu.

Kuhusu kipimo chako: sitaha ya mizinga ya Leopard ilikuwa na urefu wa mita 44 na nusu hivi, ilhali Liemba ina takriban mita 70. Katika Leopard walipangiwa watu 350. Sitaha ya chini ilikuwa na mizinga 22 ya kurusha matufe ya chuma yenye uzito wa ratili 24 kila moja, na katika meli hizo baharia alitundika machela yake ya kulalia papo hapo, juu ya mizinga, akiwa amepimiwa upana wa inchi 14, yaani shibiri moja na nusu. Ahueni yake ilikuwa kwamba jirani yake huenda yuko zamu.

Fundi wa Boti, Kibirizi

Shikamoo Mwalimu. Naomba niongeze jambo ambalo vitabu hulipita upesi. Februari ni mwezi wa kaskazi, na aliyetaka kwenda Bahari ya Shamu wakati huo alikuwa akiukabili upepo usoni. Nilijifunza kazi hii Pwani kabla sijaja ziwani, na najua kwamba jahazi lenye tanga la pembe hubisha, yaani husonga dhidi ya upepo kwa kwenda upande huu na ule, vizuri kiasi. Manowari ile ilikuwa na matanga ya mraba kwenye foromali, yaani boriti zilizokingama mlingoti, nayo hupenda upepo wa nyuma na husogea kwa shida unapotoka mbele. Nahodha yeyote wa Unguja angewashauri wangoje kusi. Hao walikuwa na amri, si msimu.

Mkazi wa Katonga, Kigoma

Nimeelewa, na nawashukuru nyote wawili. Je, iliishia wapi?

Mwalimu Mstaafu, Tabora

Marahaba, Fundi. Blankett alifia ndani ya Leopard mwaka 1801, akiwa bado katika Bahari ya Shamu. Sifa yake mbaya meli hiyo iliipata tarehe 22 Juni 1807, karibu na pwani ya Virginia, ilipoisimamisha manowari ya Marekani iitwayo Chesapeake kudai mabaharia waliotoroka utumishi wa Kiingereza. Wamarekani walipokataa kupekuliwa, Leopard iliwamiminia mizinga bila nchi hizo mbili kuwa vitani. Watu watatu waliuawa papo hapo, mabaharia wanne wakachukuliwa, na mmoja wao akanyongwa. Kwa maoni yangu lile lilikuwa tendo la uonevu, na Wamarekani walikuwa hawajalisahau vita kati yao na Waingereza vilipozuka mwaka 1812.

Mwishowe iligeuzwa kuwa meli ya kusafirishia askari. Mwezi Juni 1814 ilipanda mwamba katika kisiwa cha Anticosti, Kanada, ikavunjika. Watu wote waliokuwemo waliokoka.