Kochi la mbao za jahazi linanuka samaki na vanishi haikauki, msaada wadau

mama_dunda
Habari za jioni wadau, niko Bagamoyo. Shemeji yenu alienda Unguja akakuta hoteli ina samani za mbao za majahazi makuukuu, kurudi hapa hakai hatulii, kaenda ufukweni kaongea na wenye chombo kibovu kilichopandishwa zamani kanunua mbao kaja kuchonga kochi mwenyewe kibarazani. Kwa macho ni zuri siongopi, matundu ya misumari yanaonekana na rangi ya kijani ya zamani inachungulia. Balaa ni vanishi. Kapaka inanata, kapiga msasa kapaka upya inanata vile vile, afu sehemu ya kukalia asubuhi inatoka jasho na unga mweupe. Jua likishika saa nane ndo usiseme, paka wa mtaa mzima wamehamia kwangu. Mama mkwe alikalia, kuinuka kanga imeganda, hakusema neno akaomba kiti cha plastiki 😩 Muuza rangi anadai vanishi ni feki tununue ya bei juu. Kabla sijatoa hela nyingine, kweli shida ni vanishi?

seremala_ngamiani
Hapana dada, huyo anataka kuuza kopo. Mbao za jahazi zinapakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa, mwaka hadi mwaka, mpaka yanazama ndani ya ubao. Vanishi juu ya mafuta haishiki, na msasa unajaa uchafu tu, ukikwangua leo kesho joto linapandisha mengine. Kwangua vanishi yote, futa na tina ile ya kuzimulia rangi kwa kitambaa, badilisha kitambaa mara kwa mara, ukiona hakitoki na mafuta tena ndo upake shelaki, hiyo inaziba mafuta na harufu, vanishi ije juu yake. Vile vitambaa usivirundike pamoja, vya mafuta hivyo vinapata moto vyenyewe, vianike nje kimoja kimoja.

kijana_wa_chumbageni
Mpeleke hilo kochi kwa muuza pweza, wateja watajua supu imeiva 😂😂

nahodha_mstaafu
Mwanangu seremala umesema kweli ila nusu. Sifa ni ya juu ya maji. Chini ya maji tunapaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, na ubao wa huko umekunywa chumvi, ndo huo unga mweupe, chumvi inavuta unyevu wa hewa na hapo pwani hewa yote ni unyevu, hata upake shelaki ndoo nzima utaona inabanduka. Halafu kama kilikuwa chombo cha kuvulia, mbao za karibu na ngama, pale chini ndani ya chombo maji yanapotuama, zimelalia maji ya samaki maisha yao yote. Binti, hebu muulize mwenzio kipi kimetoka wapi.

mama_dunda
Shikamoo mzee. Nimemuuliza, kumbe egemeo na mikono ni mbao za juu, pa kukalia ndo za chini, alizipenda kwa upana. Zina na mabaki ya rangi nyekundu.

nahodha_mstaafu
Marahaba. Basi hapo pa kukalia ang'oe. Kutoa chumvi ni kuloweka maji ya bomba na kuyabadilisha tena na tena, kisha ukaushe kivulini taratibu usije ukapinda, kazi ya miezi hiyo. Na hiyo nyekundu asiipige msasa mkavu watoto wakiwa karibu, rangi za chini ya chombo huwa zinawekwa sumu ya kuzuia chaza wasigande, vumbi lake si la kuvuta. Egemeo na mikono afuate alivyosema seremala.

seremala_ngamiani
Nakubali mzee, mi nilijua zote za juu. Dada pa kukalia weka mbao ya mwembe, bei nafuu, ila ipigwe dawa ya wadudu kwanza maana mwembe unabunguliwa haraka. Na misumari ya zamani iliyovunjikia ndani aitoe, kutu ikivimba inapasua ubao.

mama_dunda
Nimemsomea yote. Kanuna, ila naona kaenda kuazima tindo.