Kasuku wa Kongo: tufunge kabisa au tutoe vibali?

Mvuvi wa Kibirizi: Wakuu, jana mwaloni hapa Kigoma nimeona kasuku wawili wa kijivu kwenye katoni la sabuni, wametoka ng'ambo ya ziwa, Kongo. Wamenyonyolewa mabawa. Mwenye mzigo kanyang'anywa. Serikali ifunge kabisa ndege wa kufuga toka nje, au itoe vibali? Mimi nasema vibali. Ukifunga, katoni litapita usiku.

Dada wa Mwanga: Vibali vya nini tena? CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea pori, walimpandisha kasuku wa kijivu daraja la juu la ulinzi mwaka 2016 kule Johannesburg. Biashara ya wa porini haipo.

Tabora Moja: Si ilikuwa 2010? Halafu nyie Kigoma nusu yenu mmetoka huko huko ng'ambo. Mtaachaje kubeba vya kwenu?

Mzee wa Ujiji: Kijana, futa hiyo kauli. Babu yangu kazikwa Ujiji na baba yake kazikwa Ujiji.

Dada wa Mwanga: Shikamoo mzee. Kakosa, ila tusiache kasuku. Na ni 2016, si 2010.

Mama Kuku: Mimi najua kideri tu, ule ugonjwa wa kuku. Mwaka jana banda zima liliisha kwa siku nne. Ndege asiyekaa karantini ataniletea nini? Ulaya walifunga ndege wa porini 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, 2007 wakafunga moja kwa moja. Wana maabara wale! Sisi mwaloni tuna nini?

Tabora Moja: Kideri kipo tangu enzi za mababu, mama, usimsingizie kasuku. Na mzee, nimesema nusu, sijakutaja wewe.

Mzee wa Ujiji: Nusu ipi? Itaje. Na hivyo vibali mnavyovitaka, kwenu Nzega kuna kasuku wadogo wa kijani, uso mwekundu. Miaka ya 80 walisombwa kwa maelfu kwenda kuuzwa nje, na vibali vilikuwepo. Nani wa Tabora aliulizwa babu yake kazaliwa wapi? Mimi nikifuata kitambulisho naulizwa mpaka kaburi.

Tabora Moja: Mzee, hata sisi tunaulizwa.

Mama Kuku: Muongo. Mume wangu wa Urambo, Tabora hiyo hiyo, hajaulizwa hata siku moja.

Mvuvi wa Kibirizi: Mzee kasema kweli. Jana kabla katoni halijafunguliwa, tuliosimama pale wote tulidaiwa vitambulisho. Mimi nilikuwa nashona nyavu zangu.