Forester imechanika tairi moja: ninunue moja, mawili au yote manne?

Mwanga_Kigoma: Wakuu, tairi la nyuma la Subaru Forester yangu limechanika ubavuni kwa jiwe nikitoka Kasulu, halizibiki. Matatu yaliyobaki yana kina cha mifereji cha milimita 4 hivi. Dukani wanasema ninunue moja jipya, 215/65R16 ileile, nitembee. Fundi wangu hataki kabisa. Mnashaurije?

Fundi_Isevya: Msikilize fundi wako. Forester inaendeshwa na magurudumu yote manne muda wote, kwa hiyo kufanana saizi iliyoandikwa ubavuni hakutoshi. Jipya lina kina cha milimita 8 hivi, kwa hiyo mzunguko wake unazidi wa hayo mengine kwa kama sentimita 2.5. Subaru wanataka tofauti isizidi milimita 6. Ukifunga hivyo, kila kilomita tairi chakavu linazunguka mara 5 hivi zaidi ya jipya. Difu ya nyuma, yaani gia zinazogawa mzunguko kati ya magurudumu mawili ya nyuma, inahangaika hata barabara ikiwa imenyooka, na klachi ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, haipumziki. Oili inaungua, halafu unaanza kusikia gari linakaba ukikata kona taratibu. Hapo hesabu si ya tairi tena.

Mama_Urambo: Hilux yangu nimebadilisha mawili ya nyuma tu, haina shida.

Fundi_Isevya: Sawa dada, maana Hilux yako kwenye lami inaendeshwa na nyuma peke yake. Ila usiweke 4H (magurudumu yote manne) kwenye lami, subiri tope. Forester ni tofauti: ukiweka mawili mapya nyuma, difu ya nyuma inapona lakini mzigo wote unahamia klachi ya kati. Kwa gari hilo mawili hayasaidii.

Ujiji_Mjini: Manne ni pesa ndefu, kaka. Tafuta la mtumba lenye kina kilekile, chapa ileile ukilipata. Nenda na futi ya fundi cherehani. Jaza upepo sawa, zungushia katikati ya tairi, linganisha na yako. Angalia na tarakimu nne za mwisho wa namba ya DOT iliyo ubavuni, ndizo zinaonyesha lini limetengenezwa: 2319 ni wiki ya 23, mwaka 2019. Likiwa na nyufa, liache.

Mwanga_Kigoma: Ahsanteni, natafuta la mtumba. Kwa sasa natembelea spea, bado ni jipya kabisa.

Fundi_Isevya: Usiende nalo mbali mkuu. Forester za zamani za otomatiki zina nafasi ya fyuzi imeandikwa FWD kwenye boneti. Kama yako inayo, chomeka fyuzi, gari livutwe na mbele tu. Ukishafunga tairi linalolingana, ichomoe.