Kitabu cha kambare wa tangini: niagize kipi kwanza?

Tudor_Maji: Salaam aleikum wote. Nina tangi la kama lita 200 hapa Tudor, ndani kuna kambare, kori wa shaba na pleko mmoja wa kawaida, na muuza samaki aniahidi kambare mwengine, Synodontis wa ziwa Tanganyika. Sasa nataka kitabu, kitabu hasa cha kushika mkononi, manake hizi video kila mtu asema lake, huyu asema pleko hukoma sentimita 15 yule asema hufika 50, na wote wana wafuasi kibao. Ndugu yangu yuko Uingereza anakuja mwezi wa 12 na amekubali kunibebea kimoja, viwili nikimbembeleza sana, ni vizito vile. Nimepitia mtandaoni nikachanganyikiwa, kuna vya miaka ya 80 vya bei rahisi, kuna vya juzi bei yake karo ya mtoto. Cha zamani bado chafaa? Na kuna kimoja chatosha kambare wote?

mvuvi_wa_tana: Waaleikum salaam kaka. Kimoja cha kutosha wote hakuna, kambare ni zaidi ya spishi 3,000 duniani, nani ataweka hao wote kwenye kitabu kimoja akupe na malezi yao. Burgess alijaribu 1989 kupitia familia zote na mimi nakiheshimu sana kitabu chake kwa kujua nani ni jamaa ya nani, lakini ukitaka kujua huyu ulonaye ale nini utapata mistari miwili.

Wewe anza na samaki wako. Kori na pleko ni wa Amerika Kusini, Synodontis ni wa kwetu Afrika, na vitabu vimegawanyika hivyo hivyo. Kwa upande wa Afrika mimi nasema The Catfishes of Africa cha Seegers, 2008, sina shaka kabisa. Huyu mtu si wa kukaa Ulaya akaandika kwa kusikia, 2003 yeye na De Vos na Okeyo walitoa orodha ya samaki wa maji tamu wa Kenya, kwa hivyo akikutajia Tana ama Athi anajua asemalo. Na mwaka wenyewe una maana: 2006 watafiti Wright na Page waliwapanga upya Synodontis wa Tanganyika wakampa jina lake yule mdogo, Synodontis lucipinnis, ambaye madukani kila mtu alimwita petricola. Kitabu cha kabla ya hapo kitakuchanganyia hao wawili na hutajua umeuziwa yupi.

Kisauni77: Hapo kwa miaka nakubali nusu. Majina ndiyo huzeeka, samaki mwenyewe hazeeki. Hao kori wako wa shaba 2024 wamehamishwa kutoka Corydoras wakawa Osteogaster aenea, yule wa madoadoa paleatum sasa ni Hoplisoma, kwa hivyo ukifuata majina kila kitabu cha kori kilicho sokoni kimepitwa, hata kile cha Fuller na Evers cha 2005 ambacho kwangu mimi ndicho bora kwa kumtambua kori kwa picha. Je kitupwe? Hapana, picha ni zile zile, mto alikotoka ni ule ule, unaandika jina jipya kwa penseli pembeni basi.

Cha kuogopa kwenye vitabu vya zamani ni ushauri. Kuna vilivyoandikwa wakati kambare alinunuliwa kama mfagizi, ati atakula mabaki na ukungu wa kioo na hana haja ya chakula chake. Mimi nikishika kitabu chochote nafungua kwanza kwa pleko wa kawaida. Kikisema anafaa tangi dogo nakirudisha hapo hapo. Na wengi wanaouzwa kwa jina hilo ni Pterygoplichthys pardalis, vitabu vingi vya zamani vitakwambia Hypostomus plecostomus, na huyo pardalis apita sentimita 40 akilishwa vizuri, kwa hivyo yule wa video ya pili ndiye alikuwa karibu na ukweli na lita 200 zako hazitamtosha. Anza kumtafutia mtu mwenye bwawa.

Mama_Zu_Bamburi: Mimi niongeze la maji manake hivi vitabu vyote vimeandikwa na watu wa baridi. Sura nzima hita, hita, hita, na sisi hapa mwezi wa pili maji ndani ya nyumba yafika nyuzi 29 bila kuwasha chochote. Kwa hivyo usisome ile namba ya chini ya joto, soma ile ya juu. Paleatum atoka kusini kwenye ubaridi, hapa anateseka, kori mwengine aitwaye sterbai anavumilia joto vizuri zaidi. Kitabu kinachoandika nyuzi 24 hadi 26 kwa kila samaki kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, huyo mwandishi amenakili tu, usikinunue. Na maji ya moto hushika hewa kidogo, stima ikipotea usiku kambare wa mito ya kasi ndio wa kwanza kuumia, kwa hivyo angalia kama kitabu kinasema huyu ni wa mto wa kasi ama wa maji yaliyotulia.

Jambo lengine utakaloliona vitabuni ni "tumia mchanga laini", na ni kweli, kori huchimba na changarawe kali zamkata sharubu. Lakini msije mkachota mchanga wa ufuoni jamani!! Wa kwetu umejaa matumbawe na chokaa, unapandisha ugumu wa maji, na maji ya visima vya huku yenyewe tayari ni magumu na mengine yana chumvi. Huyo Synodontis wa Tanganyika atafurahi, ziwa lake lina pH karibu 9. Kambare wa maji laini wa Amazon hapana.

Tudor_Maji: Shukran sana, Mama Zu hilo la mchanga ningelifanya kesho. Na vile vitabu vya L-namba je? Muuzaji ana orodha ya L hivi L vile.

Kisauni77: Hizo namba zilianzishwa na gazeti la DATZ la Ujerumani 1988, manake pleko walikuwa wanaingia sokoni kwa wingi kabla hawajapewa jina. Zasaidia, lakini namba si spishi. L018, L081, L085 na L177 wote ni Baryancistrus xanthellus, na hilo jina limekuja 2011. Kitabu cha namba peke yake ni albamu, kwa sasa tumia tovuti ya PlanetCatfish ni bure, pesa yako weka kwa Seegers.

mvuvi_wa_tana: Naunga mkono. Na kabla ndugu yako hajabeba kilo za karatasi, pita KMFRI, ile taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi, pale English Point uulizie maktaba yao, wao hutafiti bahari na maziwa pia.

Tudor_Maji: Basi namwambia Seegers, na cha Fuller na Evers nikipata kilichotumika. La mwisho, kwenye kurasa za mfano naona urefu umeandikwa "SL", ni nini hiyo?

mvuvi_wa_tana: Ni urefu kutoka puani hadi mkia unapoanzia, mkia wenyewe haumo. TL ndiyo yenye mkia. Ukipanga ukubwa wa tangi angalia kitabu kimetumia ipi, kwa pleko tofauti ni kubwa.

Tudor_Maji: Nimekupata kaka, namtumia ujumbe leo.