Naomba ushauri: daraja la waya linayumba na kujipinda

Habari wakuu. Kuna daraja la waya la waenda kwa miguu huku Muheza, Tanga: urefu mita 40, upana mita 1, waya zimebonyea mita 2 katikati. Watu wakipita kwa wingi linayumba kando. Upepo ukivuma linajipinda.

Kwa hesabu, kuyumba kando kwa aina ya kwanza (daraja zima kwenda upande mmoja) ni kama mara 0.4 kwa sekunde, ya pili (nusu moja huku, nusu nyingine kule) 0.8. Mtu hupiga hatua karibu 2 kwa sekunde, ila mguu wa kulia na wa kushoto husukuma pande tofauti, hivyo msukumo wa kando huja mara 1 tu. Wakitembea polepole kidogo wanaangukia palepale kwenye 0.8. Kuongeza mbao nzito hakusaidii, maana mkazo wa waya huongezeka sawia na uzito, hivyo kasi ya kuyumba inabaki ileile.

Halafu uzio umezibwa kwa mabati, jambo la hatari. Daraja la Tacoma Narrows, Marekani, lilijipinda hadi kuanguka 1940 kwa upepo wa kilomita 64 hivi kwa saa, ubavu wake ukiwa chuma kisichopitisha upepo. Mabati yanatoka, unawekwa wavu.

Swali: tuanze na waya za kando, kila mita 5, zikishuka nyuzi 45 hadi ukingoni mwa mto, au waya za kukingamana chini ya sakafu? Na za kando zikazwe kiasi gani zisilegee daraja likijaa watu?